Mbwa wa Bi Ummu

Shemeji yangu Nabil ana ugonjwa wa kujua mambo. Ukimwambia mvua inanyesha, atakueleza Waingereza waliandika nini kuhusu mvua. Anasomesha fasihi ya Kiingereza kwenye chuo kimoja huku Maryland, na tangu nilipoolewa na kaka yake anaandika riwaya ambayo hatujaiona hata ukurasa mmoja. Kwa hayo simchukii. Namchukia kwa ajili ya mbwa.

Mama mkwe wangu, Bi Ummu, tulimleta kutoka Unguja alipofiwa na mumewe. Hilo neno "tulimleta" ni la mume wangu Sufian, na ni neno la kweli, kwa sababu mwenyewe hakuulizwa. Nyumba yake ya Mkunazini ilifungwa, ufunguo akaachiwa jirani, na yeye akapandishwa ndege na baibui lake na kikapu cha achari ambacho watu wa forodha walikitupa uwanja wa ndege wa Dulles. Sisi tunakaa Takoma Park, ghorofa ya tatu, jengo la matofali mekundu linalotazamana na kanisa dogo. Tangu siku ya kwanza alisema anataka kurudi kwao. Alisema kwa upole, akasema kwa machozi, akasema mbele ya wageni siku ya Idi mpaka Sufian akaona haya. Jibu lilikuwa lile lile: Mama, kule nani atakuangalia? Halafu mazungumzo yanahamia kwenye foleni ya magari ya Beltway.

Mimi nilikuwa upande wa wanawe, tena kuwashinda wao. Vali ya moyo wa Bi Ummu ilikuwa imekakamaa, na daktari hakuficha: akibadilishiwa, ana miaka ya kuishi, asipobadilishiwa, huenda Ramadhani ya pili asiione. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye vipimo vyote. Mimi ndiye niliyegombana na watu wa bima, simu begani, huku nakaanga sambusa za kupeleka madukani Silver Spring. Mama yangu mzazi alinifia Mombasa nami niko huku, sikumwosha wala sikumzika, na nilikuwa nimeapa kwamba huyu wa pili hatanifia. Operesheni ikapangwa. Nikalala usingizi wa kwanza wa maana baada ya miezi.

Basi Bi Ummu akaona mbwa.

Kawaida yake akishaswali alfajiri hukaa dirishani na tasbihi yake mpaka kupambazuke. Asubuhi moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba kwenye geti la kanisa hukaa mbwa mweusi. Habweki, hatikisiki, anatazama tu. Kisha basi likipita, ukitazama tena, hayupo. Jioni akamwambia Sufian maneno hayo hayo, na Sufian akarudisha tonge la wali kwenye sahani.

Asiyetujua sisi watu wa pwani anaweza kucheka. Mbwa kwetu si kitu cha kuchezea. Mate yake ni najisi. Akikugusa na ulimi unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Tumelelewa hivyo, na hata ukija Amerika ukapata pasipoti yao, mguu wako bado unajua kuvuka barabara wenyewe mbwa akitokea. Sufian ameishi mtaa ule tangu yu kapera na hamjui mbwa hata mmoja wa pale, wala mwenye mbwa. Anawajua kwa umbali. Na huyu alikuwa mweusi, na mbwa mweusi Sufian alifundishwa chuoni, chuo cha Qurani, akiwa mtoto, kuwa ni shetani.

Kesho yake aliamka na mama yake wakatazama pamoja. Kulikuwa na ukungu. Mbwa alikuwepo. Taa za basi zikampiga usoni, macho yakawaka, na Sufian akarudi jikoni kwangu anatoka jasho. Nilimuuliza kwa nini asishuke akamtazame kwa karibu. Akanitazama kama nimemwambia aruke dirishani. Na haki ni haki, mimi pia sikushuka.

Jumapili akaja Nabil. Alipohadithiwa uso wake ulichanua kama wa mtoto aliyeonyeshwa halua. Akasogeza kiti, akaanza. Huko Uingereza, alisema, kuna mbwa weusi wa kale, wakubwa kama ndama, macho kama visahani. Norfolk wana wao, Suffolk wana wao, Yorkshire kila kijiji kina jina lake. Hukaa kwenye mageti ya makanisa, kwenye njia panda, kwenye vichochoro. Kuna kanisa ambalo wanasimulia aliingia wakati wa radi akaua watu wakiwa kwenye sala, na mlango wake watalii wanaonyeshwa mpaka leo alama za makucha. Amwonaye hufa kabla mwaka haujaisha.

Kisha akahamia kwenye vitabu, maana ndiko alikokuwa anataka kufika. Waandishi waliwanyang'anya wanakijiji mbwa wao, alisema. Wa hadithi za kutisha walimwacha alivyo, bila maelezo. Wa hadithi za upelelezi walimgeuza: mwisho wa kitabu mbwa hugunduliwa ni mbwa tu, wa nyama na mifupa, na nyuma yake yupo mtu mwenye haja yake. Nikamuuliza kama wote ni wabaya. Akasema hapana, Lincolnshire wanasimulia juu ya mmoja ambaye huwasindikiza wanawake wanaotembea peke yao mpaka mlangoni kwao, lakini huyo haandikiwi riwaya.

Yote hayo aliyasema mama yake amekaa pale pale, anachovya mkate kwenye chai.

"Nabil, mamako anakusikia," nikamwambia.

"Nina-explain tu, shemeji. Ni folklore."

"Basi nenda uka-explain kwako."

Sufian akanikemea. Nikabamiza mlango wa jiko, na tangu siku ile nyumba yetu ikawa ya milango.

Mbwa wa Nabil na mbwa wa Sufian walikutana kama chungu na mfuniko. Mmoja alitoka vitabuni, mwingine alitoka chuoni, na mama yao akaketi katikati. Akaanza kuacha chakula. Akasema mtu aliyekwisha kuandikiwa hakuna haja ya kumpasua kifua. Sufian akamleta mzee wa msikitini Lanham aje asome, na yule mzee, mtu mwenye akili zake, alisoma, akapuliza maji, kisha akasema waziwazi kwamba siku ya mtu kufa anaijua Mungu peke yake. Sufian alisikia kisomo. Hilo la pili halikuingia. Wiki haikuisha, ndugu wawili walikuwa wamekubaliana kwenye sebule yangu, bila mimi, kwamba ikiwa mama ni wa kufa, heri akafie kwao. Operesheni ikafutwa. Tiketi ikakatwa. Nilimwambia Sufian kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba sikio hilo ni lake yeye, si la mama yake. Akanijibu nimwogope Mungu.

Nilimchukia, sitaficha. Nilimpakulia chakula na kumchukia. Nabil nilimchukia zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anakuja kila jioni, anamhoji mama yake: mbwa alikaa vipi, alitazama wapi, manyoya yalikuwaje. Riwaya yake ilikuwa imepata damu. Na Bi Ummu, badala ya kuzizima, alikuwa anapanga masanduku kwa wepesi ambao sikuuona kwake tangu aje: shuka za huyu, vitamini za yule, viatu vya mtoto wa jirani. Nikadhani ni ujasiri wa mtu anayekwenda kufa, nikajificha bafuni kulia.

Kilichonitoa bafuni ni maneno ya Nabil mwenyewe. Nyuma ya mbwa yupo mtu mwenye haja yake. Nani aliyekuwa na haja na mbwa mweusi katika ukoo ule? Nani aliyeshindwa kuandika kitabu, na sasa anaandika kwa mikono miwili? Nilikaa na wazo hilo kutwa nzima na kila nilipoligeuza lilinoga. Wallahi niliamini kwamba shemeji yangu amekodi mbwa.

Asubuhi iliyofuata, Bi Ummu alipoingia kuoga, nilishuka. Nilivaa koti juu ya aproni na mkononi nilishika mti wa kusukumia chapati. Baridi ilikuwa inauma, majani yamelala barabarani, na watu wanakwenda stesheni ya treni hawanitazami. Mbwa alikuwa pale. Nikavuka barabara kuelekea upande wake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

Alikuwa mzee. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Mdomo ulikuwa na mvi, jicho moja limeingia ukungu, na shingoni ana mkanda wa buluu wenye kibati. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha geti. Hakuwa akitazama dirisha letu hata kidogo. Alikuwa anautazama mlango wa pembeni wa kanisa, kama anavyotazama yeyote anayemsubiri mtu wake. Niliinama nisome kile kibati, naye akanyoosha shingo akaulamba mkono wangu. Ulimi ulikuwa wa moto, una mkwaruzo. Nilibaki nimeinama, mti wa chapati umeanguka chini, siwezi kupiga kelele wala kukimbia.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mwanamke na ndoo. Alianza kuniomba radhi kwa Kiingereza, kisha akanisikia nikiomba Mungu, akageuza Kiswahili.

"Jamani, pole sana dada. Wewe ni Mwislamu na huyu amekulamba. Kahawa, huna adabu wewe!"

Aliitwa Benadetha, mtu wa Bukoba, ndiyo maana mbwa wake akaitwa Kahawa. Husafisha lile kanisa kabla ya kupanda treni kwenda kazini, na siku ambazo padri hayupo humwingiza mbwa ndani asipigwe na baridi. Ndivyo mzimu ulivyokuwa ukitoweka. Hamjui Nabil yeyote, hajakodiwa na mtu. Alinipeleka kwenye bomba la bustani, akanichotea mwenyewe udongo wa kwenye maua ya kanisa, nami nikaosha mkono hesabu kamili huku yeye amesimama kwa heshima ananishikia koti. Nilikuwa nimeshaanza kucheka ndani kwa ndani. Nilikuwa naiona sura ya Nabil nikimwambia.

"Na bibi wa ghorofa ya tatu hajambo?" Benadetha akauliza. "Yule hunipungia mkono kila asubuhi. Juzi nilivyokuwa nazoa mavi ya huyu alinicheka kweli kweli pale dirishani."

Nikafunga bomba.

Nilipopanda juu, Bi Ummu alikuwa ametoka kuoga, anakunja kanga na kuzipanga kwenye sanduku. Nilimwambia nimetoka kuzungumza na Benadetha. Hakuacha kukunja.

"Ana adabu yule," akasema. "Kila asubuhi huzoa mavi ya mbwa wake kwa mfuko. Ushapata kuona mzimu ukazolewa mavi?"

Siku nyingine ningecheka. Nilimuuliza kwa nini ametufanya wajinga, kwa nini amemwacha mwanawe akatetemeka, kwa nini ameichezea operesheni niliyoitafuta kwa meno. Nilimpigia kelele mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu unaambiwa litakutokea puani. Alinisubiri nimalize.

"Nimesema kwa mdomo wangu tangu nilipofika nchi hii," akasema. "Nimesema nataka kwangu. Hapana alosikia. Mbwa hakusema neno, mkamkatia tiketi."

"Utakufa, Mama."

"N'takufa. Kwani hapa sifi? Hapa n'takufa baadaye, natazama magari ya watu."

"Na mimi je?"

Hapo akaweka kanga chini. Nilitaraji neno la huruma, na ningelipata lingenivunja.

"Wewe wamtibu mamako," akasema. "Mimi si mamako, Johari."

Sijapigwa kofi maishani mwangu, lakini nadhani linafanana na neno lile. Nilimwambia jioni nitawaambia wanawe kila kitu, na tiketi itachanwa, na nitamburura mwenyewe mpaka hospitali. Akarudi kwenye kanga zake.

"Waambie," akasema. "Kisha utazame nani atanigeukia aniulize."

Jioni niliwaambia. Niliwakalisha wote wawili, mama yao kwenye kiti chake karibu na televisheni, nikawaambia mbwa ni mbwa. Anaitwa Kahawa, ni wa mwanamke wa Bukoba, ameulamba mkono wangu. Nililisema kwa ubaya, nikimtazama Nabil. La Bi Ummu kujua sikulisema bado. Nililiweka kando kidogo.

Sufian alifunika uso, akacheka, akamshukuru Mungu. Kisha akatoa simu. Kesho asubuhi ata-call hospitali warudishe tarehe. Tiketi ata-cancel. Akaniuliza kama naweza kumpeleka mama Ijumaa au asubiri yeye apate ofu. Nabil alinuna kidogo, halafu akasema hata hivi ni nzuri, hata huu ni mwisho wa kitabu, na akaanza kuandika kwenye simu yake. Wakajadiliana mama alale chumba gani akitoka hospitali, nani amshike kupanda ngazi, masanduku yafunguliwe lini. Walikuwa wanazungumza juu ya kichwa chake, kihalisi kabisa, maana yeye alikuwa amekaa kati yao.

Hakuna aliyegeuza shingo. Yeye hakuwa akiwatazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilisubiri. Nilitaka wamuulize, Mungu ndiye shahidi yangu. Ningeliridhika na swali dogo, lile la Mama unaonaje, lile ambalo huulizwa hata mgeni kuhusu sukari ya chai. Nilikuwa tayari wamuulize kisha wamkatalie.

"Muulizeni yeye," nikasema.

"Tumuulize nini?" Sufian akasema, kidole kimeshaanza kutafuta namba. "Mbwa si umeshasema ni mbwa?"

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka: operesheni, ushindi, Nabil ameaibika. Na nilijua kwamba nikinyamaza kidogo tu, mama mkwe wangu ataishi. Ataishi miaka, pale dirishani.

"Lakini huyu wa Benadetha ana kifua cheupe," nikasema. "Wako yukoje, Mama?"

Bi Ummu hakusita hata kidogo. "Wangu mweusi mwili mzima."

"Na huyu huja kumeshapambazuka," nikaendelea. "Wewe wako humwona kungali giza, si ndivyo?"

"Kungali giza. Na huyo wa kifua cheupe akija, yule wangu huondoka."

Sufian akashusha simu. Nabil alikuwa amesogea mbele mpaka pembeni kabisa ya kiti. Kahawa hana hata unywele mweupe kifuani, na yeyote kati yao angeweza kushuka ngazi akamtazama. Nilijua hawatashuka. Nilikuwa nawajua wanaume wale na miguu yao.

Alisafiri kwa tiketi ile ile. Pale Dulles wanawe walilia, wakambusu mikono, wakamwomba radhi kwa kila walichowahi kumkosea isipokuwa kile chenyewe. Mimi nilisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka walipotuzuia. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilimwambia hivyo, kwamba sijamsamehe. Akasema haidhuru, nimletee tu masanduku yake karibu asije akaibiwa.

Akaishi. Alinitumia sauti kwenye simu: anagombana na fundi wa bomba, samaki wa Darajani siku hizi si samaki, mtoto wa jirani viatu vimembana. Nyuma yake nilisikia watu wakiingia na kutoka, hodi juu ya hodi. Masika yalipoanza akafa, asubuhi, kwake, jirani mwenye ufunguo amemshika mkono. Sikumwosha, wala sikumzika. Nililia kama mtu aliyefiwa na mama mara ya pili, ingawa nilishaambiwa si mamangu.

Hitma tuliisoma Lanham. Nilipika biriani ya watu wote. Walipokwisha kula, Sufian aliwasimulia wageni habari ya mbwa: geti la kanisa, ukungu, macho ya moto, mweusi mwili mzima. Watu wakasema subhanallah. Mtu mmoja akauliza alipewa muda gani, na Nabil, ambaye riwaya yake imekwisha na sasa ina mtu wa kuiuza New York, akajibu kabla ya kaka yake.

"Ndani ya mwaka," akasema. "Always ndani ya mwaka. Shemeji mwenyewe ni shahidi."

Wote wakanigeukia. Nikiwaambia kweli watasema nimemuua mama yao, na hawatakuwa wamekosea sana. Nikasema ndiyo, ni kweli, nikakusanya sahani. Tangu alipopandishwa ndege kuja huku, yule mama aliamua jambo moja tu kwa akili yake mwenyewe, nami nilikuwa jikoni nasikiliza wanawe wakimpa mbwa uamuzi huo.